Pini Nyekundu ya Jumanne

Kila asubuhi, kabla wengine hawajaweka mguu sakafuni, Chiriku alichukua sumaku iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo akaipitisha chini ya meza, chini ya cherehani na kwenye pembe zote za sebule. Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Nyumba ya fundi haikosi pini, na pini haichagui mguu wa kuchoma. Kazi ya kuzizoa ilikuwa ya Chiriku tangu alipokuwa na miaka minane, na sasa alikuwa na kumi na miwili.

"Tangu nishike sumaku mimi, nani amechomwa katika nyumba hii?" alikuwa akitamba.

"Hakuna, Bibi Mkubwa," mama alimjibu huku akicheka. "Sasa nenda kapige mswaki."

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Hilo la Chiriku alipewa na mama kwa sababu alikuwa hanyamazi. Aliongea akila, aliongea akioga, na majirani walisema hata usingizini alikuwa na mambo yake. Akikueleza habari ya paka kuvuka barabara, angeongeza kwamba paka alisimama kwanza akatazama kulia na kushoto. Watu walicheka, na hakuna aliyeona ubaya wa chumvi kidogo.

Ijumaa moja alfajiri, likizo ikiwa katika wiki yake ya mwisho, meza ya kukatia nguo haikuwa na nguo. Ilitandikwa kipande kirefu cha bitana nyeupe. Dada yake Chiriku alikuwa amekipiga mistari kwa chaki ya fundi, siku tano kwa upana na saa za mchana kwa urefu. Juu yake alikuwa akipachika vipande vya karatasi kwa pini, kila kipande somo moja. Takwimu alikipachika Jumatatu, akakitoa, akakipeleka Jumatano. Kemia alikisogeza mara tatu.

"Dada, unashona gauni la nani hilo?" Chiriku aliuliza.

"Langu. Na lisiponikaa sawa, nitatembea uchi muhula mzima."

Dada alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea kupima magonjwa maabarani. Hakuwa mwanafunzi wa kulala bweni na kusubiri kengele. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akitumbukiza mashuka katika mashine zenye midomo mikubwa kama mapipa, na kazi hiyo ndiyo iliyomlipia karo. Kwa hiyo kila muhula alikuwa na kibarua cha kupatanisha masomo na zamu. Msimamizi wao, ambaye wafanyakazi walimwita Bi Zamu, alipokea maombi ya zamu mara moja tu, Jumamosi. Jumatatu saa sita mchana alibandika orodha ukutani, na ikishabandikwa ndiyo imetoka hiyo. Usajili wa masomo nao ulifunguliwa Jumanne saa mbili asubuhi, kwenye kompyuta. Ina maana dada alilazimika kujua ratiba yake yote kabla usajili haujafunguliwa, la sivyo angeomba zamu kwa kubahatisha.

Mtandao wa chuo haukuonyesha saa za vipindi mpaka siku yenyewe ya usajili. Kabla ya hapo kila idara ilibandika ratiba yake kwenye ubao wa matangazo, na mwenye haja alikwenda kuinakili. Dada alikuwa amezunguka idara zote wiki hiyo, ila moja. Somo la Vipimo vya Damu, lile la maabara, lilibandikwa Ijumaa, na Ijumaa yeye alikuwa kazini tangu asubuhi hadi jioni.

"Hili ndilo kubwa kuliko yote," alimwambia Chiriku, akiinua kipande cha karatasi chenye pini ya kichwa chekundu. "Linafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Nikilikosa, simalizi mwaka huu. Na nisipomaliza mwaka huu, ile nafasi..."

Hakumaliza, lakini Chiriku alijua. Mlango wa chumba cha kufulia ulitazamana na mlango wa maabara ya hospitali. Miaka mitatu dada alisukuma toroli la mashuka katika ukumbi ule, akiona kupitia kioo watu waliovaa makoti meupe wakiinamia darubini. Mwezi uliopita mkuu wa maabara alimsimamisha, akamwambia mpimaji mmoja anastaafu mwakani na nafasi yake itahitaji mtu. "Maliza, ulete cheti chako," alimwambia. "Mtu anayejua damu inavyong'ang'ania kwenye shuka atashindwaje kuijua kwenye kioo?" Siku hiyo dada alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

"Basi nenda chuoni saa sita," dada alisema. "Idara ya somo hili inafungwa saa tisa. Ingia ndani, ubao uko ukutani upande wa kushoto. Nakili makundi yote, siku na saa. Usiniletee hadithi, niletee saa."

"Dada nawe! Kunakili tu? Hesabu kwamba imekwisha."

Nao wakaagana.

Sasa sikia alichofanya bingwa wetu. Saa sita alitoka nyumbani na kalamu na daftari, kama alivyoahidi. Njia ya kwenda chuoni ilipita kando ya uwanja wa shule, na uwanjani wasichana wa darasa lake walikuwa wakiruka kamba kwa mashindano. Aliyekuwa akiongoza alikuwa ameruka mara mia na themanini bila kukosea.

"Chiriku, wewe ni mdomo tu, miguu huna!" walimtania.

Ala! Mdomo tu? Aliweka daftari chini ya jiwe. Mara ya kwanza alikwama kwenye arobaini. Mara ya pili akafika mia na kumi. Akasema ya mwisho, kisha ya mwisho kabisa, kisha ile ambayo ni ya mwisho kweli. Alipofika mia mbili na tatu wote walipiga makofi, naye akajisikia malkia. Akauliza saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

Alikimbia mpaka mbavu zikamuuma. Alipofika kwenye jengo la idara, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Alichungulia kwenye kioo. Ukumbi ulikuwa mtupu, na ubao wa upande wa kushoto hakuweza kuusoma kutoka pale. Alibisha, hakuna aliyejibu.

Kwa nje, pembeni ya mlango, palikuwa na karatasi iliyofifia kwa jua. Chiriku aliisogelea. Vipimo vya Damu. Kundi la kwanza, Jumatatu asubuhi. Kundi la pili, Jumanne saa mbili hadi saa tano asubuhi. Moyo wake ulirukaruka kwa furaha, mpaka alipoinua macho akasoma mstari wa juu. Iliandikwa kwa herufi kubwa, na mwaka ulioandikwa pale ulikuwa mwaka jana.

Alisimama pale muda mrefu kwa mtoto asiyejua kusimama. Akajisemea moyoni: nikirudi mikono mitupu, dada ataniuliza nilikuwa wapi. Nikisema uwanjani, atanitazama kwa yale macho yake. Halafu akajisemea tena: kwani mwaka jana na mwaka huu kuna tofauti gani? Maabara ni ileile, walimu ni walewale. Ataona wapi?

Akanakili kila kitu, isipokuwa ule mstari wa juu.

Jioni dada alirudi na vidole vilivyokunjamana kwa maji, akaenda moja kwa moja mezani bila hata kukaa. Aliposoma daftari uso wake wote ulifunguka.

"Jumanne asubuhi! Mama, njoo uone! Maabara asubuhi, Takwimu asubuhi, Kemia asubuhi. Naomba zamu za alasiri wiki nzima, hakuna kinachogongana!" Akachukua kile kipande, akakipachika kwenye Jumanne kwa pini nyekundu, akaipigapiga kwa kidole. "Gauni limekaa."

"Hongera, mwanangu," mama alisema toka kwenye cherehani.

"Mpe huyu. Na yule mama karani, mwenye miwani ya kamba, ulimkuta?"

Hapo ndipo Chiriku angeweza kusema. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Lakini ulimi ulizoea kutia chumvi, nao ukatangulia wenyewe.

"Nilimkuta! Akaniuliza hali yako. Akasema nina mwandiko mzuri."

"Masikini, ni mkarimu sana yule," dada alisema, akamkumbatia.

Usidhani Chiriku alilala. Jumamosi asubuhi alipitisha sumaku mara mbili mahali palepale bila kujua. Dada alipokunja karatasi ya maombi ya zamu na kuitia kwenye mkoba, Chiriku alifungua mdomo. "Dada..."

"Sema haraka, nachelewa."

"Kazi njema."

Jumapili alitamani mtu amuulize, lakini nani amuulize mtoto aliyefanya kazi yake vizuri? Mama alikuwa akimsifu kwa kila mteja aliyekuja kupimwa. "Huyu ndiye mkono wa kulia wa dada yake," alisema, na wateja walimpa Chiriku pipi. Alizipokea. Zilikuwa na ladha ya chaki.

"Leo chiriku wetu amemeza nini?" mama aliuliza wakati wa chakula. "Nyumba imekuwa kama maktaba."

"Tumbo, Mama."

Jumatatu asubuhi dada alikuwa nyumbani mpaka saa tano, akipiga pasi sare yake na kuimba. Idara ilikuwa wazi, chuo kilikuwa mwendo wa nusu saa, na orodha ya Bi Zamu ilikuwa bado haijabandikwa. Chiriku alihesabu saa moja baada ya nyingine. Ilipogonga sita akajiambia kwamba sasa hata akisema haisaidii. Hiyo nayo ni hila ya mwongo, kungoja mpaka ukweli uchelewe, halafu kuusingizia kuchelewa.

Jumanne dada alimchukua Chiriku kwenda naye kwenye duka la kompyuta. "Mleta bahati wangu," alisema. Walifika mapema, wakakaa mbele ya mashine ya pembeni. Wanafunzi wengine walijaa nyuma yao, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Saa mbili kamili usajili ukafunguka.

Takwimu, dada alibonyeza, ikakubali. Kemia, ikakubali. Kisha Vipimo vya Damu. Kioo kikaonyesha makundi mawili tu, Jumatano alasiri na Alhamisi alasiri. Kila kundi nafasi ishirini.

Dada alikunja uso. Akarudi nyuma, akafungua tena. Alasiri, alasiri.

"Dada, chukua tu moja," Chiriku alinong'ona.

"Nichukueje nami alasiri niko kazini? Nikishika nafasi nisiende, natolewa. Hii mashine imekosea. Wewe si uliona kwa macho yako?" Alisimama, akamshika mkono. "Twende. Utakuwa shahidi wangu."

Njia nzima Chiriku alitembea kama anayepelekwa kuchanjwa. Mbele ya dirisha la idara kulikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, na dada alijipanga nyuma yao kwa subira, huku akimwambia kila aliyemsikiliza kwamba kompyuta imechanganya ratiba, na kwamba mdogo wake aliinakili ubaoni kwa mkono wake. Wengine walimwambia wao waliona alasiri tangu Ijumaa. "Hapana," dada alijibu. "Mdogo wangu anaongea sana, lakini kazi yake ni safi." Saa nzima ilikwenda hivyo. Saa nzima alimtetea.

Dirishani walimkuta karani kijana aliyekuwa na mhuri mkononi.

"Shida yenu?"

"Vipimo vya Damu," dada alisema. "Ubaoni ni Jumanne asubuhi, kompyuta inasema alasiri. Huyu hapa ndiye aliyenakili."

Karani aliinama akamtazama Chiriku kwa upole. "Ulinakili wapi, binti?"

"Ubaoni."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Nani alikuonyesha?"

"Yule mama wa miwani ya kamba," Chiriku alisema, na alipokuwa akisema alijua kwamba angetoa kila alichonacho alirudishe neno hilo.

Karani akaweka mhuri chini. "Mama huyo yuko likizo ya uzazi. Huu ni mwezi wa pili sasa, na ofisi hii niko mimi peke yangu." Alifikiri kidogo. "Iko karatasi ya mwaka jana kule nje mlangoni. Kosa langu sikuibandua. Lakini mwaka umeandikwa juu yake, herufi kubwa kama hizi."

Dada aligeuka polepole akamtazama mdogo wake, naye Chiriku akatazama kandambili zake.

"Uliingia ndani?" dada aliuliza.

Chiriku akatikisa kichwa.

"Uliona mwaka?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

Dada akauachia mkono wake. Hakumsukuma wala hakumpiga. Aliuachia tu, akakimbia.

Alikimbia mpaka hospitali, Chiriku akimfuata kwa mbali huku analia. Bi Zamu alikuwa amesimama chini ya orodha yake, mwanamke mnene mwenye penseli sikioni. Alimsikiliza dada mpaka mwisho.

"Nakuhurumia, mwanangu," alisema. "Lakini watu thelathini na wawili wamepanga maisha yao kwa karatasi hii. Ungenijia jana kabla ya saa sita ningekubadilishia kwa kufuta tu. Leo, mpaka mtu akubali mwenyewe kubadilishana nawe."

Dada akapita mashine kwa mashine, akiomba. Mmoja alikuwa na mtoto wa kunyonyesha, mwingine alimuuguza mumewe. Mwishowe mwanamke mmoja wa chumba cha pasi, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akasema, "Chukua zamu yangu ya Alhamisi asubuhi, nipe yako ya alasiri. Nimechoka kuamka mapema." Dada alimpigia magoti. Akarudi mbio kwenye duka la kompyuta.

Ilikuwa saa tano na robo. Jumatano alasiri, imejaa. Alhamisi alasiri, imejaa.

Alikaa mbele ya kioo kile mpaka mwenye duka akamuuliza kama bado anatumia mashine.

Nyumbani mama alisimamisha cherehani alipoona nyuso zao. Dada alieleza kwa maneno machache, bila kupandisha sauti, kama anayesoma habari za mtu mwingine. Kisha akaenda kwenye kile kitambaa akaanza kuchomoa pini moja moja. Ile nyekundu aliichomoa mwisho, akaiweka kwenye kiganja cha Chiriku, akaingia chumbani na kufunga mlango. Walimsikia akilia. Dada hakuwa mtu wa kulia.

"Mama, nipige," Chiriku alisema.

"Nikupige ili iweje? Upone wewe?" Mama alikuwa na hasira ambayo Chiriku hakuwahi kuiona, hasira iliyotulia. "Kaa hapa. Katika nyumba hii pini huanguka kila siku. Nani amewahi kukugombeza kwa pini kuanguka?"

"Hakuna."

"Hakuna, kwa sababu kuanguka si kosa la kumtia mtu kilio. Kuruka kamba mpaka ukachelewa ni pini iliyoanguka. Ungekuja Ijumaa ukasema, 'Nimechelewa, nimekuta mlango umefungwa,' dada yako angekufokea, angemwomba Bi Zamu amngoje, na Jumatatu angekwenda mwenyewe. Lakini wewe uliiona pini sakafuni ukaitupia kitambaa juu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Ukakaa unamtazama anakuja pekupeku."

Chiriku alilia mpaka akapata kwikwi. Mama hakumfuta machozi.

Kesho yake alikwenda chuoni peke yake, bila kutumwa. Alisimama dirishani mbele ya yule karani akasema yote, kuanzia kamba ya uwanjani mpaka mstari wa juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza hata neno moja. "Nafasi mpe dada," alimalizia. "Aliyekosa ni mimi."

Karani alimsikiliza bila kumkatiza. "Umefanya vizuri kuja," alisema. "Lakini viti ni ishirini na darubini ni ishirini. Siwezi kumkalisha mtu sakafuni." Aliandika jina la dada juu kabisa ya orodha ya wanaosubiri. Mpaka usajili ulipofungwa, hakuna aliyejitoa.

Mwaka huo ulikuwa mrefu. Dada alisoma masomo mengine yaliyobaki, akaendelea kusukuma toroli lake. Mwezi wa saba yule mpimaji alistaafu, na nafasi yake ikachukuliwa na msichana aliyesoma darasa moja na dada, ambaye alikuwa kwenye kundi la Alhamisi. Alikuwa na adabu, na kila asubuhi walipokutana ukumbini alimsalimu dada kwanza. Dada aliitikia. Halafu akapita na mashuka yake.

Kwa Chiriku hakuwa mkali. Alimpa chai, alimsaidia hesabu, lakini hakumtuma tena hata dukani. Alipotaka kujua saa, alikwenda kuiangalia mwenyewe ukutani, hata kama Chiriku alikuwa amekwisha kuitaja. Hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo kumi. Akawa anasema machache, na alichosema kilikuwa kama kilivyo. Paka akivuka barabara, alisema paka amevuka barabara.

Wiki ya usajili ikarudi. Bitana ikatandikwa tena mezani, mistari ya chaki ikapigwa. Safari hii kulikuwa na kipande kimoja tu cha karatasi. Ijumaa asubuhi dada alivaa sare yake, akasimama mlangoni kwa muda kama aliyesahau kitu. Kisha akaweka daftari na kalamu mbele ya Chiriku.

"Idara inafungwa saa tisa," alisema, bila kumtazama.

Chiriku aliondoka saa nne. Uwanjani walikuwa wakiruka kamba, wakamwita, naye akawapungia mkono bila kusimama. Alipofika kwenye idara, mlango ulikuwa umefungwa. Kibao kilisema wafanyakazi wote wako kwenye kikao na ofisi itafunguliwa Jumatatu. Alikaa kwenye ngazi mpaka saa tisa ikapita, endapo kuna atakayetokea. Hakuna aliyetokea.

Njiani kurudi miguu ilikuwa mizito. Mikono mitupu tena! Nani atamwamini? Dada alipoingia jioni alimkuta amesimama katikati ya sebule, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa usio na kitu.

"Nimekuta mlango umefungwa," Chiriku alisema. "Wana kikao mpaka Jumatatu. Nimekaa mpaka saa tisa. Sijaona ratiba. Sijui ni siku gani."

Dada aliutazama ule ukurasa mweupe, akamtazama mdogo wake, akautazama tena ukurasa.

"Haya," alisema. "Nitamwomba Bi Zamu aningoje mpaka Jumatatu. Nitakwenda mwenyewe asubuhi." Alivuta kiti akakaa, kwa uchovu. "Umeona, Chiriku? Pengo naweza kulipangia. Mwaka jana ungeniletea pengo, leo ningekuwa upande wa pili wa ule ukumbi."

"Nisamehe, Dada."

"Nilikusamehe zamani. Kukuamini ndiko kulikochelewa."

Jumatatu alikwenda, akaleta saa. Jumanne, saa mbili na dakika nne asubuhi, Vipimo vya Damu vilikubali. Mwisho wa muhula alimaliza chuo. Nafasi ya hospitali ilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo alipata kazi katika zahanati ndogo nje kabisa ya mji, akawa anarudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi.

Jumapili moja jioni, alipokuwa akifunga mkoba wake aondoke, alimwita Chiriku. "Basi la kwanza la kesho linatoka saa ngapi? Niangalizie kituoni."

Chiriku alikwenda, akasoma kibao, akarudi. "Saa kumi na mbili na nusu. Nimeona kwa macho yangu."

Dada aliandika saa hiyo kwenye kiganja chake, wala hakutoka kwenda kuhakikisha. Asubuhi yake Chiriku aliamka kabla ya wote, akachukua sumaku, akapita sebule nzima ili dada asichomwe akielekea mlangoni.